Meza ya Bikira

Ilianza Jumatano, tarehe nne Oktoba 1995, saa kumi na moja na nusu jioni, mimi nikiwa na meza juu ya kichwa.

Nilikuwa nimeibeba miguu juu, kata ya kitenge imeteleza mpaka sikioni, na mbele yangu shirika zima limesimama mlangoni kwa mama yangu wa ubatizo, likingoja aseme neno moja dogo ili tuingie. Alilisema. Kisha akaongeza lingine, na hilo la pili ndilo ninaloliandika hapa, kwa sababu nyumbani kwetu limekatazwa kutajwa.

Shirika kwetu ni zile nyumba za Wakatoliki wa barabara chache zinazosali pamoja kila Jumatano. Letu lina mkubwa wake, na mkubwa huyo ni baba yangu. Lina katekista, mtu mwenye sauti nzito na asiye na shaka juu ya jambo lolote. Lina mama mmoja mwimbishaji, ambaye huanzisha nyimbo juu sana hata wanaume wanabaki kufungua midomo tu kama samaki. Mwezi wa Oktoba, mwezi wa rozari, tunaitembeza sanamu ya Bikira Maria nyumba kwa nyumba. Inalala usiku mmoja kwa kila familia, kesho yake jioni inahamia kwa jirani. Na kwa kuwa siku hizi nyumba nyingi hazina tena meza, maana kampuni ya shaba hailipi na meza zimegeuka kuwa unga, sanamu inatembea na meza yake yenyewe.

Vijana wenye sauti hubeba mishumaa na kuimba. Mimi hupewa meza. Msichana mwenye meza juu ya kichwa haombwi kuimba, haombwi kusoma, haulizwi habari za masomo. Nilikuwa nimetafuta kazi ya namna hiyo tangu utoto wangu.

Tena kuna desturi ya mlangoni. Sanamu haiingii katika nyumba mpaka mwenye nyumba asimame kizingitini, mbele ya wote, aseme: "Sina neno na muntu." Maana yake hana kinyongo na yeyote, kwa hiyo Bikira anaweza kulala pale kwa amani. Nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi hata naweza kuipima. Jumatatu ya juma lile ilisemwa na mama mmoja ambaye asubuhi, kwenye bomba la maji, alimwita jirani yake mchawi kwa sababu ya foleni, na jirani mwenyewe alikuwa amesimama palepale na mshumaa, akaitikia "Amina". Watu huisema kama wanavyofukuza inzi. Bikira amelala katika nyumba ambazo paka mwenyewe angeomba alale nje.

Aliyeileta desturi hiyo ni baba. Aliileta Oktoba ya kwanza baada ya watu wa Kasai kuondolewa katika mji wetu. Sikuwahi kuona jambo hilo kuwa la ajabu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilidhani watu wazima wanapanga mambo ya Mungu kwa kuyafikiri kwanza.

Yule ambaye tulisimama mlangoni kwake tunamwita Mama Mapasa, kwa sababu alizaa mapacha, na mama wa mapacha hachukui tena jina lingine. Alizaliwa hapahapa Likasi. Wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya shaba, wakafa hapa, wakazikwa hapa. Nyumba yake ilitazamana na yetu. Ndiye aliyenishika siku ya ubatizo, ndiye aliyenifundisha rozari juu ya meza yake, kwa maharagwe, haragwe moja kwa kila Salamu Maria, na nikikosea ananirudisha mwanzo. Tukimaliza, yale maharagwe yalipikwa. Nilikua nikiamini kwamba sala ni kitu kinachochemka.

Miaka mitatu kabla ya jioni ile, wakubwa wa siasa walitufundisha kwamba njaa yetu ina kabila. Ilikuwa rahisi kuelewa, na watu wa mji wetu ni wepisi kuelewa yaliyo rahisi. Watu waliobatizwa pamoja nasi, walioimba pamoja nasi, wakaambiwa warudi kwao, mahali ambapo wengine hawajawahi kupaona. Wakaenda kukaa gareni, kwenye kituo cha treni, chini ya maturubai na magunia, miezi na miezi, wakingoja treni ambayo ilikuja ilipotaka. Mama Mapasa alikwenda na mume wake na watoto wawili wa miaka mitano. Mmoja alikufa palepale kwa kuhara, kabla treni haijafika.

Baba hakumpiga mtu. Lazima niliandike hilo, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yeye mwenyewe hulisema kila mara kana kwamba ni sakramenti ya nane. Siku moja hata alipeleka unga gareni, usiku, chini ya koti, akirudi anatetemeka asije akaonekana. Hilo ndilo linalonichosha. Angekuwa mtu mbaya tu, ningepumzika. Lakini juma lilelile la unga, watu walipoingia katika nyumba ya Mama Mapasa kutoa vilivyobaki, baba naye aliingia, akatoka na meza begani. Aliiweka sebuleni kwetu na kusema, bila mtu kumwuliza:

"Nimeichunga. Bantu bangeiiba."

Ilikaa kwetu mwaka mzima. Hakuna aliyekula juu yake. Ilikuwa kama mgeni ambaye kila mtu anangoja mwingine amsalimie. Mama aliifunika kwa kitambaa cheupe, na sisi tuliendelea kula mikekani. Oktoba ilipofika, baba akaitoa kwa shirika. Katekista akainyunyizia maji ya baraka. Tangu siku ile ikaitwa meza ya Bikira, na nani atakwenda kumdai Bikira?

Julai mwaka huu Mama Mapasa akarudi, peke yake. Mume alibaki kwenye kaburi huko Kasai, na yule pacha aliyebaki alimwacha kwa dada yake asome. Alirudi, alisema, kwa sababu kule walimwita mwanamke wa Katanga na kumcheka alivyosema. Nyumba yake ina mtu mwingine sasa, ambaye si wa shirika letu. Anasali kwenye kile chumba kipya cha maombi karibu na soko, ambako mhubiri amewatangazia kwamba nyumba ulizopata katika taabu ni malipo ya Bwana. Nilipolisikia hilo nilicheka peke yangu, nikidhani sisi tuna dini ya maana zaidi. Mama Mapasa akapanga chumba kimoja nyuma ya uwanja wa mtu, upande wa njia ya Kamatanda, akaanza kukaanga mikate ya mafuta na kuiuza asubuhi.

Shirika lilimpokea kwa makofi. Walimkumbatia mmoja baada ya mwingine. Katekista alitoa mafundisho juu ya mwana mpotevu, kana kwamba yule mama alikuwa ametoroka na urithi wa mtu. Hakuna aliyeuliza kuhusu watoto. Waliendelea kumwita Mama Mapasa, kwa furaha, wakimpa mikono.

Sasa turudi mlangoni.

Baba alikuwa amevaa shati lake jeupe, rozari mkononi. Mama alishika sanamu, na kitambaa kimekunjwa chini ya kwapa. Mbingu upande wa Kakanda ilikuwa nyeusi. Mvua za kwanza zilikuwa zinatutania tangu Jumapili.

"Mama Mapasa," baba akasema kwa ile sauti yake ya kanisa, "tumekuletea Mama wa Yesu. Uko na kitu katika roho juu ya muntu?"

Alikuwa anajipangusa unga kwenye mikono. Alitutazama wote, polepole, kama mtu anayetafuta nani hayupo.

"Hapana, papa. Sina neno na muntu."

Mwimbishaji akavuta pumzi kuanza wimbo.

"Niko na neno juu ya meza," akasema Mama Mapasa.

Pumzi ya mwimbishaji ikabaki ndani.

"Meza gani?" baba akauliza.

"Ile iko pa kichwa ya mutoto wangu."

Wakageuka wote. Mimi ambaye nilichagua meza ili nisitazamwe, nilitazamwa na shirika zima pamoja na mbuzi wa mwenye uwanja. Nilihisi miguu ya meza inanyooka juu yangu kama pembe.

Katekista akawa wa kwanza kupata maneno, kama kawaida yake. "Mama, hii haiko meza ya muntu tena. Iko ya Bikira. Ilibarikiwa."

"Njo vizuri," akajibu, kwa ile "njo" yetu ya kusema "ndiyo". "Itanibariki na minye."

"Lakini weye umesema umesamehe," mwimbishaji akaingia. "Sasa hivi, tumesikia. Muntu akisamehe, anasahau."

"Bantu nimebasahau. Meza nimeikumbuka."

Nyuma mtu alicheka, akajifanya anakohoa.

"Kusamehe ni kuachilia," katekista akasema, na akainua kidole, maana hawezi kusema jambo la Mungu kidole kikiwa chini.

"Basi aachilie ule mwenye kuikamata," Mama Mapasa akajibu. "Minye sikukamata kitu. Nitaachilia nini?"

Nilikuwa nimesoma mafundisho yote ya kipaimara. Nilijua dhambi za mauti na dhambi ndogo, nilijua masharti ya kitubio kwa moyo. Hakuna ukurasa uliowahi kunionyesha jambo hilo kwa uwazi namna ile. Na aliyelisema alikuwa na unga kwenye viwiko.

Baba alijaribu kucheka. "Mama, meza zote za kampuni zinafanana. Utajua je kama iko yako?"

Akaniambia mimi: "Mutoto, teremusha."

Nikateremsha. Nikaigeuza isimame kwa miguu yake, pale uani, katikati ya watu. Hakuitazama. Alikuwa anamtazama baba.

"Pa kona ya kuume iko kovu ya pasi. Ilikuwa pasi ya makaa. Mapasa mumoja alilia, nikaacha pasi juu ya meza, nikakimbia."

Kovu lilikuwepo. Mimi nililijua tangu utoto, lina umbo la mtumbwi, niliweka maharagwe ndani yake. Wengine waliinama kuliona kana kwamba ni ajabu. Miaka miwili walikuwa wanapiga magoti mbele ya meza ile, lakini kitambaa kilikuwa juu, na nadhani kila mmoja alishukuru kwamba kipo.

"Juu yake nilikuwa naogeshea batoto," akaendelea. Akaweka kidole upande mmoja, kisha upande wa pili. "Mukubwa hapa. Mudogo hapa. Beshani katikati."

Hakusema ni yupi aliyebaki gareni. Mshumaa wa mtu uliangusha nta kwenye kiatu cha katekista, na katekista, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, akashusha kidole.

Hapo tone la kwanza la mvua likaanguka. Mungu wa baba yangu hufika daima kwa wakati.

"Mvua," baba akasema haraka. "Tuingize Bikira, asilowe. Kesho jioni tunakuja kukamata vyote viwili. Nyumba inayofuata ni kwetu."

"Bikira mutamukamata," Mama Mapasa akasema. "Karibuni."

Tukaingia, tukabanana katika chumba kile kimoja kati ya kitanda na gunia la makaa. Mama akatandika kitambaa juu ya kovu. Tukasali rozari yote, mvua ikipiga bati. Tulipofika pale pa "utusamehe makosa yetu, kama na sisi tunavyowasamehe waliotukosea", nilisikiliza nani anasema kwa sauti kubwa. Baba, katekista, mwimbishaji. Mama yangu alikuwa anachezesha midomo tu. Mama Mapasa alisema sentensi hiyo polepole, nyuma ya wengine wote, hata mwisho wake ukasikika peke yake.

Mimi sikuitikia. Tangu jioni ile sijaacha kusali, nimeacha kuitikia. Hakuna aliyegundua. Hiyo ndiyo faida ya kuwa mwenye haya: unaweza kubadili dini yako yote katikati ya watu na wakadhani umechoka.

Nyumbani tulikula bukari, ugali wetu wa mahindi, na majani ya maboga. Stima ilikuwa imekatika, tukawasha kibatari. Baba alivunja donge lake la bukari, akalishika bila kula.

"Ule mama amerudi na kiburi," akasema. "Ameharibu sala. Kusamehe gani kule, kwa masharti?"

Mama alikuwa anatafuna. Mama ni mtu wa Kakanda, na watu wa kwao hawasemi na chakula mdomoni. Alimeza kwanza.

"Meza ulileta weye. Pa bega yako. Niliona."

"Nilikuwa ninaichunga."

"Amerudi tangu Julai. Unamuchungia nani sasa?"

"Iko ya Bikira. Nilishaitoa."

"Bikira alikutuma uende kuitafuta?"

Baba akaweka donge chini. Nilidhani atapiga kelele, lakini alisema kwa sauti ndogo, karibu ya kuomba, na ndiyo maana sikuisahau: "Na kama nikirudisha, batasema nini? Mukubwa wa shirika ni mwizi?"

"Bameshajua."

"Kujua ni kitu kimoja. Kusema ni kingine."

Hapo ndipo nilipoona imani yake yote, imesimama uchi kama kuku aliyenyonyolewa. Niliwahi kudhani baba anamwogopa Mungu. Kumbe alikuwa anaogopa watu wanaosali karibu naye, na Mungu amewekwa katikati kama lile pazia letu la chumbani, ili tusitazamane. Ile desturi ya mlangoni, ambayo tumeibusu miaka hii yote, haikuwa ya Bikira hata kidogo. Aliitunga ili kila mtu aliyebeba kitu kutoka nyumba za majirani aweze kusema mara moja kwa mwaka, kwa sauti, mbele ya mishumaa, kwamba hana neno na mtu. Naam, neno angelitoa wapi? Wenye neno walikuwa gareni.

Halafu baba akanigeukia. Uso wake ulilegea.

"Lakini weye ulikaa vizuri. Ulinyamaza. Mutoto mwenye adabu."

Ndiyo sifa pekee niliyopata nyumbani kwetu mwaka huu. Sikupata usingizi mapema. Nililala nikiipindua sifa ile kila upande, kama mtu aliyepewa nguo ya marehemu, na kila upande ilinitosha vizuri mno. Ningeolewa nayo. Ningezeeka nayo, nibebe meza za watu wengine juu ya kichwa, miguu juu, na shirika zima lingesema kwamba yule msichana ana adabu.

Kwetu maji huja bombani kabla ya jua na huondoka kabla ya chai. Alhamisi asubuhi niliamka kungali giza, nikavaa sare ya masomo, nikachukua ndoo. Tunayo moja tu. Ya pili ilitoboka. Lakini sikwenda bombani. Nilipita, nikashuka upande wa njia ya Kamatanda, matope ya mvua yakinishika viatu.

Mama Mapasa alikuwa amekaa mbele ya mbabula, lile jiko letu la makaa, mafuta yanaanza kuchemka.

"Hodi," nikasema.

"Karibu. Unakuja kununua ao kusali?"

"Kumuchukua Bikira."

"Baba yako alisema jioni."

"Ndiyo, mama."

"Njo yeye amekutuma?"

"Hapana."

Alitumbukiza donge la kwanza, likazama, likapanda juu. Aligeuza kwa kipande cha waya.

"Na meza?"

"Meza inabaki."

Hakusema asante. Nilifurahi, maana ningelia. Nikamwuliza lile swali ambalo usiku mzima lilikuwa limekaa kifuani mwangu, na niliuliza nikitazama mafuta: "Mama, ni kweli umesamehe?"

Alitoa mkate, akatia mwingine.

"Siku zingine ndiyo," akasema. "Asubuhi hivi, mafuta yakipata moto, nasikia kama nimesamehe hata ule mwenye kulala mu nyumba yangu. Jioni hapana. Jioni najua nani alikamata sufuria, nani alikamata mulango. Sasa nimwambie Mungu nini? Namwambia: leo asubuhi ndiyo. Anaandika anachotaka."

"Na baba?"

"Baba yako alituletea unga gareni. Wale batoto walikula." Akapuliza makaa. "Njo maana nilimungoja yeye alete meza. Wengine sikungoja."

Nikaingia chumbani. Sanamu ilikuwa juu ya meza, na kando yake, juu ya kitambaa, sahani na kikombe. Alikuwa amekula pale usiku, pamoja na Bikira. Nikatoa vyombo, nikatoa kitambaa cha mama, nikamfunga Bikira nacho kiunoni asikwaruzwe, nikamsimamisha ndani ya ndoo, kichwa kikitokeza juu ya ukingo. Nikajitwika. Alikuwa mwepesi kuliko maji.

Njia ya kurudi inapita bombani. Hakuna nyingine, isipokuwa ya mtaroni. Foleni ilikuwa ndefu, na mwimbishaji alikuwa wa pili au wa tatu, kitenge kimefungwa kifuani.

"Weye, mutoto wa mukubwa wa shirika," akaita, "unabeba nini katika ndoo?"

"Bikira."

"Bikira? Katika ndoo? Na meza yake iko wapi?"

Nilisimama. Nikashika ndoo kwa mikono yote miwili. Ningeweza kupita. Wangesema nimetumwa, wangesema nina haya, ingeisha.

"Iko kwa mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mama Mapasa. Baba aliichukua kwake wakati walikuwa gareni. Haikuwa ya Bikira."

Maji ya mtu yalijaa ndoo, yakamwagika, hakuna aliyefunga. Katika mji wetu, asubuhi, hilo halijawahi kutokea. Mwimbishaji alinitazama, akatazama chini, akavuta kitenge chake juu zaidi. Sijui alikuwa anakumbuka sufuria au mlango. Nyuma yake bibi mmoja akasema taratibu:

"Kumbe huyu mutoto anasema."

Nikaendelea. Nyumbani walikuwa hawajatoka chumbani. Nikateremsha ndoo sebuleni, nikamtoa Bikira, nikaigeuza ndoo kitako juu, nikatandika kitambaa cheupe juu yake, nikamweka. Alisimama vizuri. Alikuwa chini kuliko miaka mingine. Mtu angelazimika kuinama sana ili amwone uso.

Baba akatoka, taulo shingoni, akiuliza maji ya kunawa yako wapi.

Nikamwonyesha ndoo.

Alisimama pale na taulo lake. Mama akaja nyuma yake, akatazama, akarudi chumbani. Mimi nikachukua madaftari yangu, nikaenda masomo bila kunawa uso.